Jinsi ya Kuipanga Krismasi Nyumbani ili Ibada Isisukumwe Pembeni

Desemba ya Dodoma hubeba mambo mengi kwa mpigo. Mvua za msimu zinaanza na shamba linadai mbegu. Shule zimefungwa, watoto wote wapo nyumbani. Vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA, vinagawana hisa, kadi za michango ya harusi zinamiminika, na Januari inachungulia na sare, madaftari na kodi ya nyumba. Katikati ya hayo yote ndipo inapoangukia tarehe 25. Ndiyo maana kaya nyingi za Kikristo huifikia siku yenyewe zikiwa hoi: mama ameamka saa 9 usiku kumenya vitunguu saumu na mwishowe anakosa ibada, baba yuko nje anapiga simu kutafuta pesa ya kuongezea, watoto wanachokijua ni nguo mpya tu, na dada wa kazi hajatoka jikoni tangu jana.

Hakuna aliyekusudia kumsahau Kristo. Kilichoharibika ni mpangilio: mambo yenye kelele hupangwa kwanza, ibada huachiwa muda utakaobaki, na muda haubaki. Hapa tunaugeuza mpangilio huo. Ibada inaingia kwanza kwenye kalenda na kwenye bajeti. Chakula, safari, nguo na wageni vinafuata nyuma yake.

Kikao cha familia, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Jumapili hiyo, ya kwanza kati ya nne zinazotangulia Krismasi, huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Hata kama dhehebu lenu halifuati kalenda ya Majilio, itumieni kama siku ya kuanzia, kwa sababu inawapa wiki tatu hadi nne kamili. Mkianza tarehe 15 mtakuwa mnazima moto.

Kaeni baada ya chakula cha mchana, dakika 45 zinatosha. Mnahitaji daftari moja na kalamu. Wawepo wote wanaolala nyumbani humo: wazazi, watoto wanaojua kusoma, bibi au babu, na dada wa kazi. Mstari wa kwanza kabisa wa daftari uwe huu: tutasali ibada ipi, saa ngapi, tutafikaje, na nani atabaki na mgonjwa au kulinda nyumba. Msiandike kitu kingine kabla mstari huo haujakamilika.

Ratiba za ibada zinatofautiana, kwa hiyo ulizeni mapema parokiani, usharikani au mtaani kwenu. Kanisa Katoliki lina Misa za nyakati nne za Noeli: ya mkesha, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, ingawa si kila kigango hupata zote. Waanglikana na Walutheri kwa kawaida huwa na ibada ya mkesha jioni ya tarehe 24 na nyingine asubuhi ya tarehe 25. Nafasi hizo ni msaada mkubwa kwa kaya yenye mzigo. Wawili waende mkesha, waliobaki waende asubuhi, na hakuna anayetolewa sadaka kwa ajili ya sufuria.

Dada wa kazi aandikwe kwa jina. Aende ibada ipi? Anataka kwenda kwao lini, na nauli yake iko wapi? Nyumba inayosherehekea kuzaliwa kwa Bwana aliyekosa nafasi kwenye nyumba ya wageni, huku binti wa watu hana nafasi ya kusali, imeanza vibaya. Hili tunalisema kwa uzito kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote, hata katika nyumba za wazee wa kanisa.

Kwa wanaofanya kazi siku hiyo, yaani wauguzi, askari, madereva, walinzi na wenye vibanda pale Majengo au Sabasaba, chagueni ibada ya tarehe 24. Mfanyabiashara ajiwekee saa ya kufunga na awaambie wateja wake mapema. Saa 11 jioni inafaa. Akisema "nikimaliza mteja wa mwisho" atafunga saa 4 usiku. Ikishindikana kabisa, fanyeni ibada fupi nyumbani atakaporudi: wimbo mmoja, Luka 2:1–20, maombi ya kila mmoja, Baba Yetu. Dakika 20.

Jambo la mwisho la kikao ni usafiri wa usiku. Kwa wanaokaa nje ya lami, kumbukeni kwamba makorongo yetu hujaa ghafla, wakati mwingine kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo ninyi hamkuiona. Maji yakiwa yanakimbia msivuke, si kwa miguu wala kwa bodaboda. Kama njia yenu ina korongo, chagueni ibada ya mchana tangu sasa.

Pesa: igaweni kabla haijafika

Msongo mkubwa wa sikukuu ni wa pesa, na mwingi wake husababishwa na Januari ambayo haikutajwa Desemba. Mshahara wa Desemba ukiwahi kuingia kabla ya sikukuu, watu huuona kama nyongeza. Mgao wa VICOBA nao vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba mshahara uliowahi unakwenda kulisha siku nyingi zaidi, na mgao wa hisa ni akiba yako mwenyewe ya mwaka mzima.

Chukueni bahasha sita na mziandike kwa mpangilio huu: sadaka, Januari, shamba, nauli, chakula, nguo. Mpangilio ndio wenye kazi. Bahasha ya kwanza ijae kabla ya kugusa ya pili, na ikifika ya sita haina kitu, basi nguo za mwaka jana zifuliwe na kupigwa pasi. Mfano wa kaya yenye shilingi 600,000 za kugawa: sadaka 60,000, Januari 230,000, shamba 100,000, nauli 80,000, chakula 90,000, nguo 40,000. Zenu zitakuwa tofauti. Kinachotakiwa ni kila shilingi iwe na jina kabla hamjaenda sokoni. Wanaotunza pesa kwenye simu wanaweza kutumia laini mbili, moja ya matumizi na nyingine ya Januari, na laini ya Januari akae nayo yule asiyekwenda sokoni.

Bahasha ya shamba msiiguse kwa chochote. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua za kwanza zikipita bila mbegu ardhini hakuna msimu wa pili wa kurekebisha. Ekari moja ya uwele inahitaji takriban kilo 2 za mbegu, mtama kilo 3 hadi 4, alizeti kilo 2 hadi 3. Pimeni, mfunge, mwandike "mbegu" juu ya mfuko, na mfuko uondoke jikoni. Mtama wa mbegu uliopikwa Desemba kwa ajili ya wageni ni njaa ya mwaka unaofuata.

Mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa mno, hunoga sana wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Pigeni hesabu kwa sauti, mbele ya familia: shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi ni deni la 260,000 baada ya siku 30, Januari ile ile shule zinapofunguliwa. Aliyekosa kulipa mara nyingi hukopa kwingine ili alipe, na kadi ya benki au vyombo vya ndani alivyoweka rehani huanza kuondoka. Krismasi ya ugali, mlenda na kuku mmoja isiyo na deni ina heshima kamili mbele za Mungu.

Kuhusu michango: kaeni chini mkubaliane kiasi cha jumla cha mwezi mzima, mkigawe kwa kadi mlizo nazo, kisha mjibu mapema. Kinachochosha ni kukaa kimya na kufuatwa na kamati kila siku. Ujumbe wa namna hii unatosha: "Bwana Yesu asifiwe kaka. Kadi tumeipokea na tunafurahi pamoja nanyi. Sisi tutatoa 20,000 kabla ya tarehe 12. Zaidi ya hapo mwaka huu hatutaweza. Tunaiombea siku yenu." Mkishautuma, tekelezeni tarehe mliyoahidi, na msiingie tena kwenye mjadala wa ahadi.

Safari

Mwenye kwenda kwao, iwe Singida, Kondoa, Iringa, Moshi au Mwanza, asisafiri tarehe 24. Foleni ya siku hiyo katika stendi ya Nzuguni inakula mkesha wake wote, na akifika anafikia kitandani. Chagua kati ya kuondoka tarehe 21 au 22, au kusali Dodoma na kuondoka tarehe 26, ambayo pia ni sikukuu ya kitaifa. Tarehe 26 mara nyingi ndiyo yenye utulivu zaidi, na mzee anayengoja kijijini akiambiwa mapema hanung'uniki. Kinachomuudhi ni kusubiri siku nzima bila taarifa.

Tiketi ya basi ikatwe ofisini au kwa mfumo wa mtandao wa kampuni, iwe na jina lako, namba ya kiti na nauli uliyolipa. Wanaokwenda Morogoro au Dar es Salaam wana treni ya SGR tangu mwaka 2024, lakini viti vya wiki hiyo huwahiwa. Usiingoje bahati ya dakika za mwisho. Kabla ya kupanda, mpigie simu mwenyeji umuulize ibada za kanisa la karibu ni saa ngapi. Bila swali hilo mgeni huamka saa 3 asubuhi na kuambiwa wenzake walishaondoka.

Wanandoa wanaovutana kila mwaka kuhusu kwenda kwa nani wakubaliane zamu, mwaka huu kwa mume, mwakani kwa mke, na waliandike daftarini. Wazazi wa pande zote waambiwe na mtoto wao wenyewe, si mkwe.

Jioni nne za Majilio, na pango la udongo

Watoto wakielewa kwamba kuna jambo linalosubiriwa, nusu ya kazi imekwisha. Kama kila jioni haiwezekani, chagueni jioni moja kwa wiki na mwishikilie, dakika 15, baada ya taarifa ya habari au kabla ya chakula cha usiku. Ibada ya saa nzima inayofanyika mara moja na kufa haifai kitu.

Tandazeni mchanga kwenye sinia, unene wa vidole vitatu, msimamishe mishumaa minne. Mchanga unaishika isianguke, unadaka nta, na unazuia moto. Zungusheni matawi ya mwarobaini au majani mabichi yoyote yaliyopo. Yakikauka yabadilisheni, kwa sababu majani makavu karibu na mshumaa yanashika moto haraka. Wiki ya kwanza unawashwa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo hadi minne. Uzimwe kila baada ya ibada, na asiwepo mtoto anayebaki nao peke yake.

Masomo: wiki ya kwanza Isaya 9:2–7, ya pili Luka 1:5–25, ya tatu Luka 1:26–56, ya nne Mathayo 1:18–25 pamoja na Mika 5:2–5. Asome mtoto, si baba kila siku. Akikwama, asaidiwe neno moja na aendelee. Baada ya kusoma ulizeni swali moja tu, kwa mfano: "Zakaria alikaa bubu kwa nini?" Mkiuliza matano linageuka somo la darasani na kesho hawaji.

Pango la Noeli ndilo litakalowashika zaidi. La kununua ni ghali na la plastiki halifundishi kitu, ila udongo uko bure. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa sababu unanata. Chukueni kichuguu kilichohamwa na angalieni nyoka kabla ya kuchimba. Twangeni mabonge, mchekeche, mtoe mizizi na mawe. Changanyeni vipimo vitatu vya udongo na kimoja cha mchanga laini uliochekechwa, mtie maji kidogo kidogo, mkande mpaka bonge lisishike mkononi. Lifunikeni kwa kitambaa kibichi lilale usiku mmoja.

Sanamu ziwe na urefu wa kiganja. Makosa yanajirudia sehemu tatu. La kwanza ni kuanika juani: jua letu hukausha ngozi ya nje huku ndani kukiwa kubichi, na sanamu inapasuka. Zikaushwe kivulini siku nne hadi tano, zikigeuzwa. La pili ni miguu ya wanyama. Ya udongo mbichi haibebi mwili, hivyo ng'ombe, punda na kondoo wafinyangwe wamelala, miguu imekunjwa. La tatu ni vichwa kukatika shingoni: chomekeni kijiti kinachopita toka kichwani hadi kifuani kabla udongo haujakauka.

Pangilieni hivi. Hori liwepo tangu wiki ya kwanza, likiwa tupu, na majani makavu ndani yake. Maria na Yusufu waanzie mbali, labda juu ya kabati, na wasogezwe kidogo kila jioni. Mtoto Yesu asiwekwe hadi usiku wa tarehe 24, na amweke mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Wachungaji wafike usiku huo huo. Mamajusi waanze safari yao chumba kingine na wafike Januari 6. Mathayo haitaji idadi yao, na anasema walimkuta mtoto nyumbani. Luka anasema wachungaji walimkuta horini. Watoto wakubwa hufurahi kugundua hilo wenyewe, kwa hiyo waacheni walitafute.

Hapa bibi na babu waliolelewa kwenye tembe la Kigogo wana kazi ambayo hakuna mhubiri anayewazidi. Wao wanajua nyumba ambamo watu, ndama na mbuzi wanalala chini ya dari moja, joto la mifugo linavyosikika usiku, harufu yake, na hori linavyokuwa. Nyumba nyingi za kawaida za Palestina ya wakati ule nazo ziliingiza mifugo ndani usiku. Mtoto wa Area C au Kisasa aliyezaliwa kwenye nyumba ya vigae hawezi kuliona hori kichwani mwake mpaka asimuliwe. Mwombeni bibi asimulie tarehe 24, kabla ya kusoma Luka 2. Akiwa na wimbo wa Kigogo wa kanisani, auanzishe yeye.

Kuna mtoto atauliza kama Yesu alizaliwa kweli Desemba 25. Mjibuni sawasawa: Biblia haitaji tarehe. Kumbukumbu za Kanisa la Roma zinaonyesha siku hii ikiadhimishwa kufikia mwaka 336. Tunaitunza tarehe ili tulikumbuke tukio pamoja. Jibu la kweli halimpunguzii imani. Jibu la uongo litamrudia akiwa kidato cha tatu.

Jikoni

Kanuni ni chungu kimoja kikubwa na kachumbari. Pilau, wali wa nazi, kuku wa kukaanga, chapati, maandazi na tambi kwa siku moja ndivyo vinavyomfunga mama jikoni tangu usiku. Chapati zihamie tarehe 26. Hakuna mgeni atakayekufa.

Pilau ya watu 12: mchele kilo 2, nyama kilo 2, vitunguu maji nusu kilo, viazi kilo 1, mafuta robo lita, vitunguu saumu viwili vizima, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba mara mbili, bizari nyembamba vijiko vitatu vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, mdalasini vipande vinne, karafuu kumi na iliki kumi. Loweka mchele nusu saa, kisha tumia supu na maji jumla ya lita 3.5 hadi 4. Ukiwa haukulowekwa, ongeza nusu lita. Bokoboko hutokea kwa sababu maji yalipimwa kwa macho na watu wakawa wanafunua na kukoroga. Koroga mara moja unapotia mchele, funika, maji yakikauka palia mkaa juu ya mfuniko au punguza gesi hadi chini kabisa, acha dakika 20.

Ratiba ya kazi iwe hivi. Tarehe 23: nunua vitu vikavu, chambua mchele, twanga viungo, nunua umeme wa LUKU, hakikisha kuna mtungi wa akiba au gunia la mkaa, na jaza maji. Hili la maji ni la lazima Dodoma. Mgao hauangalii sikukuu. Hesabu lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani kaya ya watu 12 ni madumu 12 ya lita 20 kila siku. Tarehe 24 mchana: menya vitunguu na viazi (viazi vikae kwenye maji), saga saumu na tangawizi, kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia na uviweke. Nyama inunuliwe asubuhi hiyo, ichemshwe na chumvi mpaka iive. Kama hakuna friji, nyama ibaki kwenye supu yake na ichemshwe tena usiku kabla ya kulala, na tena asubuhi, kila mara itokote kabisa. Tarehe 25: wote ambao hawakusali mkesha waende ibada ya asubuhi. Mkirudi, kazi iliyobaki jikoni ni saa moja na robo. Wageni waambiwe mapema kwamba chakula ni saa 9 mchana.

Wali uliopikwa usikae nje zaidi ya saa mbili kwa joto letu la Desemba. Kuna bakteria wanaostahimili kupikwa na kuzaana kwenye wali vuguvugu, na sumu yao haiondoki kwa kupasha. Kuharisha na kutapika kwa familia nzima tarehe 26 huweza kutokana na wali uliolala sebuleni. Pika unaolika, kinachozidi kigawe kwa majirani kikiwa cha moto.

Kuhusu pombe, mwenye nyumba aseme msimamo wake siku ya kualika, kwa upole na bila hotuba: "Kwetu kutakuwa na soda, juisi ya ubuyu na chai." Kulisema mgeni akiwa ameshika chupa mlangoni kunaleta ugomvi.

Kutoa, na wakati wa kutoa

Tarehe 25 kila mtu anakumbuka wahitaji. Vituo vya watoto hupokea soda na biskuti za kupita kiasi siku hiyo, na Januari hawana unga. Kaya ya mjane jirani nayo hupata sahani tatu za pilau kwa siku moja. Wakati wenyewe wa shida katika mkoa wetu ni Januari na Februari, ghala likiwa limekauka na shamba bado ni majani. Kwa hiyo sahani ya pilau ipelekwe, ni upendo, lakini pesa kubwa ya bahasha ya sadaka inunue unga kilo 10, maharage kilo 3, chumvi na mafuta lita 1, na mzigo huo uwekwe kando.

Kumtembelea mgonjwa hospitali ya mkoa au hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, au mfungwa wa gereza la Isanga, kunahitaji ruhusa. Pitieni kwa mchungaji, katekista au padre anayehudumu hapo, muulize saa za kuingia na vinavyoruhusiwa; chakula cha kupikwa nyumbani huweza kurudishwa getini. Nendeni tarehe 28 au 29, wageni wakiwa wamepungua. Msipige picha. Mtu hakuumbwa awe ushahidi wa ukarimu wetu kwenye statasi ya WhatsApp.

Simu zenyewe zina nafasi yake. Salamu za makundi zitumwe tarehe 24 kabla ya saa 12 jioni, na tarehe 25 simu ziingie kapuni wakati wa ibada na wakati wa kula. Watu watano walio wapweke wapigiwe, wasitumiwe picha ya kengele.

Nyumba yenye msiba

Kama mwaka huu mmezika, msijilazimishe furaha ya watu wengine. Semeni wazi kwenye kikao cha Majilio kwamba baba hayupo na tutamlilia. Jina lake litajwe katika sala kabla ya kula; kulikwepa kunawafanya watoto wadhani ni mwiko. Kazi aliyokuwa akiifanya, kuchinja kuku au kusoma Injili, apewe mtu kwa kuteuliwa, isiachwe ielee mpaka siku yenyewe. Palilieni kaburi kabla ya tarehe 24, si siku ya sikukuu. Mkesha wenyewe una nafasi ya watu wa namna hii: wachungaji waliokuwa kazini gizani waliambiwa "msiogope" kabla ya kuambiwa habari njema.

Mtu akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, au akitamka kwamba heri afe, msimwachie maombi peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akisindikizwa na mtu anayemwamini, na maombi yaendelee.

Baada ya tarehe 25

Krismasi ya Kanisa inaendelea angalau hadi Epifania, sikukuu ya ujio wa mamajusi, Januari 6, na kwa mzazi aliyechoka hii ni habari ya faraja: lililoshindikana siku moja lina siku nyingine. Someni Yohana 1:1–14 jioni ya tarehe 25, Matendo 7:54–60 tarehe 26 kwa Stefano, Mathayo 2:13–18 tarehe 28. Somo la tarehe 28 ni zito, Mtoto Yesu akikimbizwa usiku kwenda Misri. Wasomewe watoto wa miaka minane na kuendelea, na muwaombee wakimbizi kwa kutaja nchi zao. Mamajusi wafike pangoni Januari 6 na Mathayo 2:1–12 isomwe hapo.

Siku hiyo hiyo sanamu zifungwe kwenye magazeti, zipangwe ndani ya boksi lenye majivu makavu chini ili mchwa wasifuate vijiti, na boksi likae juu, si sakafuni. Fungueni bahasha ya Januari mhesabu kilichomo kabla ya kwenda kununua sare. Mzigo wa unga na maharage ubebwe wiki ya tatu ya Januari, jioni, na watu wawili tu, mmoja wao awe mtoto aliyemweka Yesu horini.